Nashona magauni ya kunyonyeshea, nyumbani mwanangu analishwa uji. Hii oda ya Kariakoo niichukue?

BARUA

Anti shikamoo. Naomba jina langu usiliweke, andika tu niko Mbagala inatosha, maana huku mafundi tuko wengi na tunajuana.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu nimepanga na mwenzangu, yeye anasuka na kuweka dawa nywele upande wa mbele, mi niko nyuma na cherehani yangu na ovaloki. Nina mtoto wa kiume anaelekea miezi mitano, ndo wa kwanza.

Ilivyoanza ni hivi. Nilipotoka arobaini kila nikienda kliniki nateseka na nguo. Magauni yangu ya zamani zipu iko mgongoni, sasa kunyonyesha ama unyanyue gauni lote kuanzia chini tumbo likae nje ama uombe mtu akufungue. Dera watu wanasema ndo nguo ya mzazi, ni kweli ni pana na halibani, ila shingo yake haishuki, unavuta unavuta mpaka inaachia uzi. Na kanga ukiwa kibarazani kwako inasitiri vizuri tu, ila umekaa siti ya dirishani kwenye daladala, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine unamtafutia konda nauli, kanga ishaanguka zamani na watu wanakuangalia.

Nikajishonea gauni la kitenge. Kifuani nikapitisha mikato miwili ya wima, kila mkato zipu ya kuficha ya inchi nane, juu yake nikashusha rinda pana linaanzia begani linaishia chini ya matiti. Likiwa limefungwa unaona urembo tu. Mtoto akilia nanyanyua rinda upande mmoja nashusha zipu, rinda lenyewe linamfunika mpaka sikioni, wa siti ya pembeni hajui kama ananyonya au amelala. Kwa ndani nimepitisha bitana ya pamba ili meno ya zipu yasimkwaruze shavu. Basi kliniki wenzangu wakanizunguka pale kwenye benchi, huyu nishonee, huyu nishonee, na sasa nashonea mpaka walimu na dada mmoja wa benki. Walimu nawatolea blauzi za tabaka mbili, la juu linanyanyuka na la chini lina matundu mawili pembeni, na wanaovaa abaya naficha zipu chini ya msururu wa vifungo vya urembo. Nimejua na siri zake, mteja namwambia aje apimwe kabla hajanyonyesha, kifua kikiwa kimejaa, maana ukimpima maziwa yametoka saa hiyo gauni litambana baadae.

Sasa tatizo. Mama mkwe alikuja kutoka Kilwa kuniuguza uzazi na mpaka leo yuko na sisi, na ndo ninayemwachia mtoto nikienda fremu. Mwanzo nilikuwa narudi mchana namnyonyesha naondoka tena, ila oda zilivyozidi nikawa natoka asubuhi narudi magharibi. Siku nimewahi kurudi nikamkuta anamlisha uji wa mchele kwa kijiko, na maji juu. Nikamuuliza mama vipi, kliniki wamesema mpaka miezi sita, akaniambia maziwa yako mepesi mtoto anashinda analia, mi wanangu wote nimewapa uji wakiwa na miezi mitatu na mmoja wao si ndo huyo mumeo? Nikanyamaza. Baadae nikaja kujua alishaanza muda, na mtoto akaharisha, mwezi huu kwenye mizani mstari wa kadi umeshuka. Majirani hapa uwani wanasema mtoto amebemendwa, yaani kadhoofika kwa sababu wazazi tunalala pamoja angali ananyonya, na mama mkwe na yeye kamwambia mume wangu akae mbali na mimi mpaka mtoto aache ziwa, basi mume wangu sasa analala sebuleni na tukiongea ni kuhusu mkaa na umeme tu. Yeye anaendesha bajaji, ni mtu wa swala, sio mkorofi, ila kaniambia nifunge fremu nilee mtoto.

Kufunga siwezi Anti. Ile ovaloki nimeinunua kwa mkopo wa kikoba, kila wiki kuna marejesho. Halafu katikati ya haya yote kaja mfanyabiashara wa Kariakoo, aliliona gauni kwa mke wake, anataka magauni 60 ndani ya mwezi mmoja. Vitenge anatoa yeye, hela ya ufundi atanilipa akishauza. Mi kwa siku nikikaza natoa mawili. Mama mkwe anasema chukua hiyo oda, mtoto niachie na uji na maziwa ya kopo nitamkuza. Mume wangu anasema chagua moja. Dada yangu anasema mbebe mtoto kaa naye fremu. Na mimi nahisi maziwa yenyewe yanaisha, zamani nikikaa kidogo tu gauni linalowa kifuani, sasa hivi halilowi kabisa.

Nikikaa kwenye cherehani naweka zipu ili mtoto wa mwenzangu anyonye kwa raha, machozi yananitoka. Nifanyeje?

Na swali dogo, kuna nesi anataka sare yake nyeupe nimgeuzie iwe ya kunyonyeshea. Nyeupe sijawahi, naogopa itaonyesha kila kitu.

Mama wa Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya mtoto. Barua yako nimekaa nayo maana ina mambo mengi yamekaa pamoja na ukiyaacha yamefungana hivyo yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Nikikuelewa vizuri unasema hivi: kazi uliyoianza kwa sababu ya kumnyonyesha mwanao ndo inakutoa kwake mchana kutwa, aliyebaki naye anamlisha anavyojua yeye, mtoto kaumwa, mume kajitenga, deni linadai kila wiki, na sasa kuna oda ambayo unaiona kama ndo itakuokoa au itakumaliza. Na kila mtu kashakupa jibu lake, mume lake, mkwe lake, dada lake. Ndo maana mi sitaki kuongeza la nne. Nataka tuyafungue moja moja halafu utaamua mwenyewe na mumeo.

Tuanze na mtoto kabla ya magauni. Kama bado anaharisha, au analegea, au anakojoa kidogo, usisubiri siku ya mizani, mpeleke kituo cha afya leo, watakupa ORS na zinki na watakuelekeza namna ya kumpa, na ziwa usilisimamishe hata kidogo wakati anaharisha. Kama kuharisha kumeisha, mpeleke hivyo hivyo wiki hii uwaonyeshe ule mstari ulioshuka na uwaambie ukweli kwamba amekuwa akipewa uji na maji. Usifiche ili kumlinda mkwe, nesi hawezi kukushauri kwa habari nusu. Na pale muombe akuangalie unavyomshikisha ziwa, inachukua dakika chache tu.

Sasa hilo la maziwa kuisha. Unasema zamani gauni lilikuwa linalowa sasa halilowi, ukahesabu maziwa yamekwisha. Mdogo wangu, wiki za mwanzo mwili unakuwa haujajua mtoto anahitaji kiasi gani, ndo maana maziwa yanajitokea yenyewe. Akishafika miezi mitatu, minne hivi mama wengi kifua kinalainika, kuvuja kunapungua au kunaacha, na mtoto anapata maziwa yake vizuri tu. Kwa hiyo gauni kavu halitoshi kukupa hukumu hiyo. Ila kuna kingine kwenye barua yako kinanitia wasiwasi zaidi ya hicho, ni yale masaa kutoka asubuhi mpaka magharibi ziwa halijaguswa. Maziwa yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, yakikaa mwili unaona hayahitajiki unapunguza, na uji ukishajaza tumbo la mtoto hata ukirudi jioni ananyonya kidogo anaacha. Habari njema ni kwamba maziwa yanarudi, ukimnyonyesha mara nyingi, usiku hasa, na mchana ukiwa mbali ukayakamua. Wapo kina mama walioshuka chini zaidi yako na wakarudisha.

Na "maziwa mepesi" alilolisema mama mkwe, nitalitetea kidogo, maana analisema kwa kuona. Maziwa ya mwanzo ziwa likiwa limejaa kweli yanakuwa na mafuta machache, kadiri mtoto anavyoendelea kulimaliza ziwa lile lile ndo mafuta yanaongezeka. Mtu akiyaona kwenye kikombe atasema ni maji. Lakini uji mwembamba wa mchele ndo wenye lishe ndogo hapo, unashibisha bila kukuza, halafu maji na kile kijiko na bakuli ndo mlango wa kuharisha. Mstari wa kadi ulivyoshuka mi naona una maelezo yake hapo, sihitaji kwenda mbali.

Nikuulize lakini, mama mkwe ulimwachia nini? Sikulaumu, nauliza tu. Mtoto wa miezi minne analia saa tano, saa sita, saa nane, mama yake harudi mpaka magharibi, bibi hana chochote mkononi isipokuwa jiko na mchele. Ulitaka afanyeje? Umenyamaza pale ulipomkuta, na yeye akanyamaza, na tangu hapo hamjaongea, kila mmoja anamwona mwenzie kamkosea. Huyu ni mama aliyetoka Kilwa akaacha nyumba yake akaja kukukanda na kukupikia. Mi nahisi, na naweza kuwa nakosea, ukimpa kazi nyingine mahali pa uji ataishika kwa moyo ule ule. Kamua asubuhi kwa mkono baada ya kuosha mikono vizuri, weka kwenye kikombe safi chenye mfuniko, mwonyeshe kumnywesha kwa kikombe kidogo taratibu, sio chupa, chupa ni ngumu kuisafisha na mtoto anaweza akaizoea akalikataa ziwa. Maziwa ya mama nje ya friji kwenye joto la kama nyuzi 25 hayazidi masaa manne, na joto letu la Dar unalijua, kwa hiyo usifike hata huko. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Yakitolewa yasiwekwe kwenye moto, kikombe kikae ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka ubaridi uishe. Mkwe wako anaweza akakataa, wapo wanaoona kinyaa maziwa ya mtu kwenye kikombe. Hilo liko, usishangae likitokea. Nenda naye kliniki, asikie kwa nesi badala ya kusikia kwako, watu wazima wengi neno hilo hilo likitoka kwa mkamwana linakuwa dharau, likitoka kwa nesi linakuwa elimu.

Hili la kubemenda nalisema wazi kwa sababu limeingia mpaka chumbani kwako. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto anayenyonya, hakuna njia ya kufika huko. Mtoto wenu alipungua kwa kuharisha. Najua uwani kwenu maneno haya yana nguvu na sitegemei uwabadilishe majirani. Mumeo ndo wa kukaa naye. Nina wasiwasi yeye anaogopa kwa nia nzuri kabisa, anadhani anamlinda mwanae kwa kulala sebuleni, wakati wewe unasoma kwamba amekuchoka. Mmeulizana? Na jambo moja la kuwa nalo makini mkishapatana. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa matupu usiku na mchana. Kwa hali ya sasa na huo uji hilo la tatu halipo, kwa hiyo usilitegemee, siku hiyo hiyo ya kliniki ulizia uzazi wa mpango unaoendana na kunyonyesha, zipo njia.

Umesema mumeo ni mtu wa swala. Basi anaijua sura ya Al-Baqara, ile aya ya 233 inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na mbele kidogo inasema wazazi wakitaka kumwachisha kabla iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Kushauriana. Kwenye barua yako nimetafuta mahali ambapo mmeshauriana sijapaona. Yeye kasema funga, wewe umesema siwezi, basi. Na cha ajabu hakuna mahali umeandika umemuomba kitu. Mtu ana bajaji, mdogo wangu! Anazunguka Mbagala hiyo hiyo mchana kutwa. Je ikiwa saa sita anampitia mama yake na mtoto anawaleta fremu, unamnyonyesha, anawarudisha, na alasiri wewe unarudi mapema? Ni mafuta kidogo na abiria wawili watatu anaowapoteza, na hilo msilidharau kwa sababu ni hela ya chakula, mlipigie hesabu pamoja. Kuna sheria ya ajira ya mwaka 2004, wateja wako wa benki na walimu inawahusu, mama aliyeajiriwa anapewa likizo ya uzazi siku 84 za malipo, 100 kama kazaa zaidi ya mmoja, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa amruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, jumla mpaka masaa mawili kwa siku. Wewe umejiajiri, huna wa kumdai hayo masaa mawili, bosi ni wewe. Utajipa?

Dada yako yeye anasema mbebe ukae naye. Wazo lina uzuri wake, ziwa liko hapo hapo, hakuna kukamua hakuna kikombe. Ila liangalie fremu yenyewe. Mwenzako anaweka dawa za nywele, ile harufu kali mtu mzima anakohoa sembuse mtoto. Pasi yako ni ya umeme au ya mkaa? Kama ni ya mkaa, moshi wake kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha ni hatari kabisa kwa mtoto na kwako. Na sindano, na vipande vya uzi, na vifungo vilivyodondoka sakafuni, miezi miwili mitatu ijayo atakuwa anatambaa na kila kitu kinaenda mdomoni. Labda iwe siku ambazo mwenzako hana mteja wa dawa, labda mbadilishane yeye akae nyuma wewe mbele penye hewa, labda uhamishie ukataji nyumbani na fremu ubaki na cherehani tu. Sijui nafasi yenu ilivyo, wewe ndo unaijua.

Haya, Kariakoo. Hapa nitakaa kidogo maana naona hapa ndo kila mtu anakuvuta.

Magauni 60, wewe kwa siku ukikaza mawili. Hiyo ni siku 30 kamili, bila Ijumaa, bila umeme kukatika, bila mtoto kuamka na homa, na bila kumshonea mteja mwingine hata mmoja. Na hao wateja wengine ndo wanaokupa kianzio, ndo marejesho ya kila wiki yanatoka humo, sio? Huyu wa Kariakoo ni mali kauli, atalipa akiuza. Kikoba hakitasubiri auze. Kwa hiyo oda unayoiona itakutoa kwenye deni inaweza ikakupitisha mwezi mzima huna shilingi mkononi. Sisemi ni mtu mbaya, biashara nyingi Kariakoo zinaenda kwa kauli na watu wanalipana. Lakini pia muundo ukishaning'inia dukani, fundi yeyote akinunua moja akalifumua atajua zipu iko wapi.

Upande wa pili nao usiufunike. Kariakoo wanakuja wanunuzi wa mikoani, wanakuja wa Zambia, wa Kongo, wa Comoro. Gauni lako likipendwa pale umetoka kwenye benchi la kliniki umefika mbali, na kina mama wengi wanaohangaika kama ulivyohangaika watavaa nguo ya kuwasitiri. Hiyo sio tamaa, usikubali mtu akuambie ni tamaa. Ni kazi ya mikono yako na inasaidia watu, mi nimefurahi sana kusoma ile habari ya rinda.

Na hakuna aliyesema ni 60 au basi, au amesema? Unaweza kumuuliza kama atapokea 15 za kuanzia, nusu ya ufundi mkononi mnapokabidhiana vitenge. Akikataa utakuwa umejua kitu kuhusu yeye. Au utafute fundi mwenzako unayemwamini, wewe ukate na uweke zipu na rinda, yeye aunganishe mbavu, mikono na pindo. Hatari yake ni mbili, faida inagawanyika na siri inatoka, halafu zipu ya kuficha akiiweka mtu mwenye haraka inapinda, gauni linarudi, na jina linaloharibika ni lako. Au umwambie nipe mpaka mtoto afike miezi sita na nusu, atakuwa ameanza kula chakula kingine juu ya ziwa na mchana hautakuwa mgumu kama sasa, naye anaweza akasubiri au akaenda kwa mwingine. Kila njia ina bei yake na mi siwezi kukupimia ipi ni nafuu kwa nyumba yako. Ninachoona ni kwamba umebakiza wiki chache tu kufika miezi sita, mtoto ananyonya mpaka miaka miwili na zaidi lakini huu muda wa ziwa tupu ndo unakwisha. Kuna mama ataona kwa wiki chache hizo atapunguza oda na kumwomba mwenyekiti wa kikoba amsogezee marejesho. Kuna mwingine deni halimruhusu, ataenda kwa kikombe na bajaji. Wote wananyonyesha.

Kitu ambacho ningependa ukifanye kabla hujamjibu huyo mfanyabiashara ni kukaa na mumeo usiku mmoja na daftari, sio ya lawama, ya hesabu. Marejesho kiasi gani, wateja wa kawaida wanaleta kiasi gani kwa wiki, yeye anaingiza kiasi gani, mtoto yuko wapi saa ngapi na nani. Anaweza akashangaa, wanaume wengi hawajui fremu ya mke inaingiza nini mpaka waone maandishi. Na umwambie hayo machozi ya kwenye cherehani, mi umeniambia lakini yeye nahisi hajui.

Kuhusu nesi wako. Nyeupe ikilowa ndo inaonyesha cha ndani, kwa hiyo kifuani weka kitambaa mara mbili, cha ndani pamba laini inayofyonza, na umshonee vipande vya duara vya taulo laini au flana vya kuweka ndani ya sidiria, jozi kadhaa za kufua na kubadilisha. Sidiria yenyewe isimbane, ikibana ziwa linaweza likaziba likavimba. Sare ya hospitali inafuliwa kwa dawa kali na inapigwa pasi sana, zipu ya chuma itapata kutu na kuacha madoa ya kahawia, tumia ya nailoni. Mikato ishuke kutoka begani kupita katikati ya ziwa, zipu ikae humo ndani ya mshono, na juu yake badala ya rinda, ambalo kazini halitakubalika, weka ukingo mwembamba ulionyooka kama wa shati. Halafu jaribu kuigeuza zipu kichwa chini, yaani ikiwa imefungwa kishikio kiwe chini. Inafunguka kutoka chini kwenda juu, sehemu ya juu ya ziwa inabaki imefunikwa, na kuifunga unavuta kwenda chini kwa mkono mmoja kwa sababu kule juu imeshikwa na mshono wa bega, haihitaji mkono wa pili wa kuikaza. Ila kabla hujaingiza mkasi kwenye sare yake mwambie amuulize kwanza matroni wake, maana sare sio mali yake peke yake.